Kuitathmini nadharia ya Freud juu ya jinsia: mwongozo kwa mwanafunzi wa Dar

Swali hili halikauki kwenye mitihani ya saikolojia: tathmini maelezo ya kisaikodinamiki kuhusu ukuaji wa jinsia kwa mtoto, yaani yale yanayotafuta chanzo cha tabia katika tamaa na hofu zilizofichika akilini, kama alivyofanya Sigmund Freud, daktari wa Vienna. Hukutana nalo wanaosoma Mlimani, wanaosomea ualimu Chang'ombe na wanaosomea ustawi wa jamii Kijitonyama, na majibu mengi yanafanana kama nakala zilizotolewa steshenari moja. Ukurasa na nusu wa kumsimulia Freud, halafu chini kabisa mistari minne: si ya kisayansi, inawadharau wanawake, alimchunguza mtoto mmoja tu, ni mambo ya Wazungu. Kila mstari una ukweli ndani yake. Lakini msahihishaji akimaliza kusoma hajui kama nadharia imesimama au imeanguka, na kama imeanguka, imeangukia wapi.

Kutathmini ni kuchukua dai moja, kujiuliza "hili likiwa kweli, tutarajie kuona nini?", kisha kwenda kutazama. Ndiyo njia nitakayoifuata hapa. Mifano mingi itatoka kwenye nyumba za mjini kwetu, na sababu si kupamba: Freud aliandika akiwa na picha ya nyumba ya Vienna yenye baba, mama na mtoto, nasi tunaishi na nyumba nyingi ambazo picha hiyo haikuzitazamia.

Hatua ya 1: Andika madai, usisimulie

Freud (1856–1939) aligawa ukuaji wa mtoto katika hatua tano. Inayotuhusu ni ya tatu, hatua ya faliki (yaani ya uume), kati ya miaka mitatu na sita hivi. Kabla ya hapo, kwa maoni yake, mvulana na msichana hukua kwa namna moja. Ndani ya hatua hiyo mvulana humtamani mama, humwona baba kuwa mshindani, na huingiwa na hofu kwamba baba atamhasi. Hofu humshinda. Anaiacha ile tamaa na badala yake anajinasibisha na baba: anachukua mwenendo wake, maadili yake na uanaume wake. Msichana yeye hugundua kwamba hana uume, humlaumu mama kwa hilo, humwelekea baba, na hatimaye hurudi kujinasibisha na mama. Yote haya hupita kwenye ung'amuzibwete, ile sehemu ya akili ambayo hata mwenyewe hawezi kuichungulia.

Aya moja kama hiyo inatosha. Habari za mfalme Oedipus wa Wagiriki, ambaye Freud aliipa jina lake tamaa hiyo ya mvulana kwa mama na ushindani wake na baba, ziache, hazina alama. Kinachotakiwa ni kuyatoa madai yaliyomo ndani na kuyapanga. Mimi naona matano. Kwamba tofauti za kijinsia huanza kujengeka katika hatua ya faliki, si kabla. Kwamba mvulana anahitaji baba wa kujinasibisha naye. Kwamba kinachomsukuma kujinasibisha ni hofu. Kwamba njia ya msichana ni tofauti, na haimalizi kazi kama ya mvulana. Na kwamba mambo haya ni ya binadamu wote, si ya Vienna peke yake.

Angalia majina pia, maana hapa alama hudondoka bure. "Kompleksi ya Electra", jina la upande wa msichana, ni ya Carl Jung, aliyoipendekeza mwaka 1913, Freud hakuikubali. Na aliyeandika kwa kina juu ya mtu kujinasibisha na yule anayemtisha ni Anna Freud, binti yake, mwaka 1936. Ukiandika "Freud" bila kutaja yupi, umechanganya watu wawili.

Hatua ya 2: Geuza kila dai liwe utabiri

Piga mstari katikati ya karatasi ya rafu. Kushoto weka dai, kulia weka kitu ambacho mtu mwenye macho angeweza kukiona. Hata kama mtihani wenyewe ni wa Kiingereza, fanya kazi hii kwa Kiswahili, kwa sababu utabiri ambao huwezi kumweleza mama yako jikoni bado hujauelewa.

Kama tofauti huanza kwenye hatua ya faliki, basi mtoto wa miaka miwili asionyeshe dalili ya jinsia katika michezo yake. Kama baba ni wa lazima, basi mvulana aliyekulia kwa mama peke yake tumkute ametatizika. Kama hofu ndiyo inayosukuma, basi baba mkali awe na watoto wa kiume wenye uanaume ulio wazi kuliko watoto wa baba mpole. Na kama ni ya binadamu wote, tuyaone hata mahali ambapo anayemchapa mtoto si baba.

Sasa kuna mtego. Wanafunzi wengi huandika kwamba nadharia ya Freud haiwezi kupimwa, wakimtegemea Karl Popper, aliyesema nadharia isiyoweza kukanushwa na tukio lolote si sayansi. Aya inayofuata, wanaandika kwamba tafiti zimeikanusha. Haya mawili hayakai nyumba moja. Kama haipimiki, tafiti zilikanusha nini? Na kama zimeikanusha, ilipimika.

Mwanafalsafa Adolf Grünbaum alilisema hilo mwaka 1984: Popper alikosea, madai mengi ya Freud yanaweza kukanushwa, na tatizo lake kubwa ni kwamba ushahidi wake ni dhaifu. Njia salama ni kutenganisha tabaka mbili. Chini kuna mitambo isiyoonekana: tamaa na hofu za ung'amuzibwete. Hizo kweli ni ngumu kuzigusa, kwa sababu mtoto akikubali ni ushahidi na akikataa ni ushahidi kwamba anazificha. Juu kuna matokeo: umri, kuwepo kwa baba, ukali wa baba. Haya yanapimika, na yamepimwa. Ukiandika tofauti hii kwa sentensi mbili tu, tayari umepanda juu ya wengi.

Hatua ya 3: Kagua ushahidi wake mwenyewe

Ushahidi ambao Freud aliutegemea zaidi kwa upande wa mtoto ni kisa cha mvulana aliyemwita Hans, alichokichapisha mwaka 1909. Usiishie kwenye "alichunguza mtoto mmoja". Fungua kisa chenyewe, kina mengi.

Hans, mwenye miaka mitano, alikuwa akiogopa farasi. Aliogopa watamng'ata, na hasa wale waliokuwa na weusi mdomoni na vikinga-macho. Freud alisoma hapo sura ya baba: masharubu na miwani. Farasi ni baba, kung'ata ni kuhasi, na hofu ya farasi ni hofu ya baba iliyovaa nguo nyingine.

Uliza maswali ya kawaida, kama ambavyo karani wa mahakama ya mwanzo angeuliza. Nani alisikia maneno ya mtoto? Baba yake, si Freud. Freud alimwona Hans mara moja tu katika kipindi chote cha tiba. Mengine yote yalimfikia kwa maandishi ya baba. Baba huyo alikuwa nani? Mfuasi wa Freud, na mke wake aliwahi kutibiwa na Freud. Aliijua nadharia kabla ya kuanza kuandika. Freud mwenyewe alikiri kwamba Hans ilibidi aambiwe mambo ambayo hakuweza kuyasema kwa kinywa chake. Mtoto anayeulizwa na baba yake kila siku kama hamwonei wivu, siku moja atasema ndiyo.

Na je, kuna maelezo mepesi zaidi? Yapo. Hans alimshuhudia farasi wa basi la abiria akianguka barabarani, akirusha miguu. Mwaka 1960 Joseph Wolpe na Stanley Rachman walikipitia kisa chote na kuonyesha kwamba hofu ile inaelezeka kwa tukio hilo bila kuhitaji Oedipus. Mtoto wa Manzese aliyewahi kuona pikipiki ikigongwa na daladala akaanza kulia kila anaposikia honi, hatuhitaji kumtafutia baba ndani ya honi.

Kuna jambo jingine ambalo nashangaa halitajwi sana. Tishio la kukatwa uume lilikuwepo kweli kwenye maisha ya Hans, lakini lililotamkwa wazi lilitoka kwa mama. Alimwona akijishika akamwambia atamwita daktari aje akate. Nadharia inamtaka baba awe mwenye kutisha, na kisa chake kikuu kina mama mwenye kutisha. Hoja hiyo iandike, kwa sababu inaishika nadharia ndani ya ushahidi wake yenyewe.

Kwa haki, Hans alikua salama. Jina lake halisi ni Herbert Graf, akawa mwongozaji wa opera aliyefanya kazi New York. Mwaka 1922 alimtembelea Freud na kumweleza kwamba alipokisoma kisa hakukumbuka chochote. Mfuasi wa Freud atasema huko kusahau ndiko hasa kulikotarajiwa. Umeona sasa lile tabaka la chini linavyoteleza mkononi.

Hatua ya 4: Leta tafiti, chache na zenye kazi

Tafiti tatu zinazogusa utabiri wako zinashinda kumi zilizopangwa kwa miaka.

Kuhusu umri, mambo yako wazi. Kuanzia mwaka mmoja na nusu hadi miwili, watoto wengi huanza kuchagua vitu vya kuchezea kwa mwelekeo wa jinsia yao, na wakikaribia miaka mitatu wengi wanaweza kusema wao ni mvulana au msichana. Hiyo ni kabla ya hatua ya faliki kufanya kazi yake. Dai la kwanza limeumia vibaya.

Kuhusu ukali, Paul Mussen na Luther Distler walifanya utafiti mwaka 1959 kwa wavulana wa chekechea huko Marekani, wakitumia michezo ya wanasesere kujua watoto wanawaonaje baba zao. Wavulana waliokuwa na mwelekeo wa kiume zaidi walimwona baba kuwa mtu mwenye nguvu, lakini pia mwenye upendo na wa kutoa zawadi. Nguvu peke yake ingemfurahisha Freud. Upendo unamharibia hesabu, kwani yeye alihitaji hofu. Usiseme utafiti huu umemwangusha kabisa. Sema umemwachia nusu.

Kuhusu baba asiyekuwepo, mwaka 1988 Stevenson na Black walikusanya matokeo ya tafiti 67 za watoto waliokua bila baba. Tofauti kati yao na watoto wenye baba nyumbani zilikuwa ndogo. Utafiti wa Susan Golombok na wenzake wa mwaka 1983 nchini Uingereza unatajwa sana: watoto 37 waliolelewa na kina mama wenye uhusiano wa kimapenzi na wanawake, wakilinganishwa na watoto 38 waliolelewa na mama mmoja asiye na uhusiano wa aina hiyo. Utambulisho wa kijinsia wa watoto haukutofautiana. Nyumba zote hizo hazikuwa na baba, kwa hiyo utabiri wa Freud ulipata nafasi nzuri ya kujitetea na haukuitumia. Ongeza tahadhari: wengi wa watoto wale walikuwa wameishi na baba katika miaka yao ya mwanzo, na mtetezi wa Freud ana haki ya kulitaja hilo.

Hatua ya 5: Usimwache msichana kwenye mstari wa mwisho

Hapa wengi huandika "Freud alikuwa na ubaguzi wa kijinsia" na kuhamia kwingine. Hiyo ni lawama, haijawa hoja. Hoja inasema hivi: katika makala ya mwaka 1925 Freud alifikia kwamba kwa kuwa msichana haogopi kuhasiwa, dhamiri yake haiwi imara kama ya mwanamume. Hilo ni dai linaloweza kutazamwa, na tafiti za maadili ya watoto hazionyeshi wasichana wakiwa nyuma. Pili, alianza na mwili wa mvulana kuwa kipimo, kisha akamweleza msichana kwa kile asichokuwa nacho. Mwaka 1926 aliyaita maisha ya kimapenzi ya mwanamke mtu mzima bara la giza, akiazima usemi ambao wavumbuzi wa karne ya 19 waliutumia kwa Afrika. Kwa maneno yake mwenyewe, basi, upande wa pili wa nadharia ulijengwa gizani.

Karen Horney, naye mwanasaikolojia wa mkondo huohuo, alijibu mwaka 1926: kama wivu upo, kwa nini tusiseme wanaume wanawaonea wivu wanawake kwa uwezo wa kubeba mimba na kunyonyesha? Na kama msichana anatamani alichonacho mvulana, pengine anatamani uhuru na heshima anayopewa mvulana. Tembea Jumamosi asubuhi kwenye uwanja wowote wa nyumba za kupanga, uone nani anaosha vyombo na nani anacheza mpira, halafu uamue ni kipi kinachoonewa wivu.

Nancy Chodorow, mwanasosholojia wa Marekani, mwaka 1978, aliibakiza saikodinamiki akahamisha mzigo: watoto wote huanza wakiwa wameshikamana na mwanamke anayewalea, msichana anaweza kuendelea na ukaribu huo, mvulana lazima ajitenge ili awe mwanamume. Mtaje, kwa sababu swali limesema "maelezo ya kisaikodinamiki", halikusema "Freud". Kisha muulize na yeye: nyumba ambayo mtoto amelelewa na bibi, shangazi, dada wa kazi na mama anayerudi kutoka Kariakoo saa mbili usiku, ajitenge na nani?

Hatua ya 6: Ipeleke nadharia kwenye nyumba zetu

Dai la tano, la binadamu wote, ndilo ambalo mwanafunzi wa Dar anaweza kuliandikia vizuri kuliko mwanafunzi wa London. Lakini lina mitego mitatu, na nitakaa hapa kidogo.

Anza na mjomba. Mwanaanthropolojia Bronisław Malinowski aliishi kwenye visiwa vya Trobriand, karibu na Papua New Guinea, katika miaka ya Vita Kuu ya Kwanza. Huko ukoo huhesabiwa kwa mama. Baba ni rafiki wa mtoto, wa kubeba na kucheza naye; mwenye amri na adhabu ni mjomba, kaka wa mama. Mwaka 1927 Malinowski aliandika kwamba chuki ya mvulana kule ilimlenga mjomba, wala si baba. Ikiwa ni hivyo, mvutano unafuata mamlaka, haufuati kitanda cha mama. Freud alikuwa ameviunganisha vitu viwili ambavyo Vienna vilikaa ndani ya mtu mmoja, na Trobriand ilivitenganisha.

Huhitaji kwenda Pasifiki. Wazaramo, wenyeji wa ukanda huu wa Dar na Pwani, Waluguru wa Morogoro, Wamakonde na Wayao wa kusini: wote kwa desturi walihesabu ukoo upande wa mama, na mjomba alikuwa na sauti nzito juu ya watoto wa dada yake. Mtoto wa Kiluguru aliyekosea angeweza kuambiwa "ngoja mjomba wako aje". Huu ni mfano wako, utumie. Ila usiandike kana kwamba mambo yamesimama: Uislamu, mji na kodi ya nyumba vimempa baba nafasi kubwa zaidi, na familia ya Kizaramo ya Mbagala leo huenda haiishi kama ile ya babu zao.

Na usimtangaze Malinowski mshindi. Ernest Jones, mfuasi wa Freud, alijibu mapema kwamba desturi yenyewe ya kumpa mjomba mamlaka ilibuniwa ili kuiepusha chuki isimfikie baba. Mwaka 1982 mwanaanthropolojia Melford Spiro alizirudia takwimu na masimulizi ya Malinowski mwenyewe na kudai kwamba Oedipus yumo, tena ana nguvu. Mjadala haujafungwa. Unachoweza kusema kwa uhakika ni kwamba jibu la Jones linaifanya nadharia ishinde kwa kila hali: baba akichukiwa, Freud amesema kweli, asipochukiwa, chuki imefichwa. Hapo, na hapo tu, ndipo lawama ya Popper inapokaa vizuri.

Mtego wa pili ni utani. Bibi anamwita mjukuu wake wa miaka minne "mume wangu", anamuuliza mbele ya wageni amemletea nini kutoka dukani, na mtoto anajibu kwamba akikua atamuoa bibi na kumjengea nyumba Kigamboni. Baba anamwita binti yake "mama" kwa kuwa amepewa jina la bibi yake. Mfuasi wa Freud akisikia haya atachomoa kalamu. Mwanafunzi naye hushawishika: tazama, Oedipus yuko Buguruni! Taratibu. Maneno hayo yanatoka kwenye kanuni za utani kati ya bibi na mjukuu zinazojulikana na kila mtu uwanjani. Watu wazima ndio wanaomfundisha mtoto kuyasema, na wanayasema kwa sauti wakicheka. Nadharia ya Freud inazungumzia kilichofichwa. Kilichofundishwa hadharani hakiithibitishi. Kinachoweza kuwa ushahidi ni kingine: mtoto anajifunza mapema sana kwamba yeye ni wa upande wa "mume", na anajifunza kwa kuitwa hivyo. Hiyo ni hoja ya mwelekeo wa kujifunza kijamii, unaosema mtoto hujifunza kwa kuwaiga na kupongezwa na walio karibu naye, kuliko ya Freud.

Mtego wa tatu ni jando na unyago, na ndio unaonasa wengi. Hoja huandikwa hivi: kwetu mtu anakuwa mwanamume jandoni na mwanamke unyagoni, kwa kufundishwa na ngariba na kungwi, kwa hiyo Freud amekosea kusema kila kitu kinaisha miaka sita. Si sahihi. Freud anaeleza utambulisho, yaani mtoto kujihisi yeye ni nani. Kungwi anafundisha majukumu: mwali anaingia akiwa tayari anajijua msichana, anatoka akiwa amefundwa mwanamke anaishije. Vitu viwili tofauti, na kimoja hakiwezi kukanusha kingine. Upande wa pili nao kuna wanaodai kwamba tohara ya jandoni ni ile hofu ya kuhasiwa iliyogeuzwa sherehe. Tafsiri tamu, ila haina uzito wa ushahidi. Siku hizi watoto wengi wa mjini hutahiriwa hospitalini wakiwa wachanga, na wanakua wavulana kama wenzao waliongojea.

Neno kuhusu kazi za vitendo. Ukiambiwa uende chekechea ya mtaani kuangalia watoto wanavyocheza, omba ruhusa kwa mwalimu na wazazi kupitia chuo chako, kaa pembeni, andika unachokiona: nani kachukua mwanasesere, nani kafukuzwa kwenye mpira, mwalimu kasema nini. Usimuulize mtoto juu ya mwili wake au kama anampenda mama kuliko baba. Mbali na maadili, maswali hayo ndiyo yaliyoharibu kisa cha Hans.

Hatua ya 7: Mlinganishe na wenzake, kwa ufupi

Lawrence Kohlberg (1966) alisema mtoto hujijua jinsia yake kadiri akili inavyokomaa, na uelewa kwamba jinsia haibadiliki kwa kubadilisha nguo hukamilika kwenye miaka sita au saba hivi. Albert Bandura aliweka mkazo kwenye kuiga na kupongezwa. Sandra Bem (1981) alizungumzia ramani ya jinsia ambayo mtoto huijenga kichwani na kuitumia kuchuja anachokiona. Wote wanaeleza tabia za mtoto wa miaka miwili na za mtoto asiye na baba vizuri kuliko Freud, na hilo linatosha aya moja.

Ila mpe Freud haki yake. Kohlberg anaeleza mtoto anajuaje kwamba yeye ni mvulana. Haelezi kwa nini mvulana huyo analia kwa aibu akivalishwa blauzi ya dada yake, tena mbele ya baba. Uzito wa hisia, aibu, kupendelea mzazi mmoja kwa msimu na kumgeukia mwingine, haya saikodinamiki iliyatazama kabla ya wengine. Na wazo kwamba mahusiano ya nyumbani kabla ya shule huacha alama lilibaki hata baada ya hofu ya kuhasiwa kuwekwa kando. Mimi ukinibana nitasema: dai la umri limeanguka, dai la hofu limebaki nusu, dai la baba limebaki na pumzi kidogo, dai la binadamu wote linabishaniwa, na swali lenyewe, la mtoto kuhisi jinsia yake na si kuijua tu, bado ni zuri kuliko jibu alilolitoa.

Hatua ya 8: Andika aya zenye mwendo

Aya dhaifu huwa hivi: "Nadharia ya Freud inakosolewa kwa sababu inasisitiza baba. Familia nyingi hazina baba. Pia si ya kisayansi."

Iandike upya: "Freud anadai mvulana hupata utambulisho wa kiume kwa kujinasibisha na baba. Dai hili likiwa kweli, wavulana waliolelewa bila baba wangetofautiana sana na wenzao. Muhtasari wa tafiti 67 uliofanywa na Stevenson na Black (1988) ulikuta tofauti ndogo tu. Mtetezi anaweza kusema kwamba mjomba au babu hujaza nafasi ya baba. Lakini akisema hivyo, ameacha dai la ushindani juu ya mama, kwa kuwa mjomba hashindani na mtoto kwa mama yake." Dai, utabiri, kilichoonekana, utetezi, na gharama ya utetezi huo. Aya tatu za namna hii na moja ya kumpa haki yake zinatosha insha ya dakika arobaini na tano.

Gawa muda hivi: dakika tano za rafu, nane za kueleza nadharia, ishirini na tano za tathmini, zinazobaki za hitimisho na kusoma upya. Hitimisho lisirudie ulichosema. Litaje dai lipi limeanguka na lipi limebaki. Na unaposoma upya, tafuta kitu kimoja tu: kama popote umeandika "haipimiki" na "imekanushwa" juu ya dai lilelile, futa moja kabla hujakabidhi karatasi.